Nahau Iliyotoka Kwao: "Losing My Religion" ya R.E.M. na Mapokezi Yake

Tarehe 19 Februari 1991 kampuni ya Warner Bros. ilitoa santuri ya wimbo mmoja ulioitwa "Losing My Religion". Wenye wimbo walikuwa R.E.M., kundi la watu wanne lililoanza mwaka 1980 katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, kusini ya Marekani. Jina la wimbo, likifasiriwa neno kwa neno, ni "kupoteza dini yangu". Katika muda wa miezi michache wimbo ulikuwa umesikika katika nchi nyingi, na aghalabu uliposikika ulizua swali moja: je, mwimbaji anasimulia namna alivyotoka katika dini? Jibu lilitolewa mapema na limerudiwa mara nyingi tangu hapo. Hapana, waliambiwa waulizaji. Maneno yale ni nahau ya watu wa kusini ya Marekani, na maana yake ni kuishiwa na subira, au kupandwa na hasira hata adabu ikamtoka mtu. Maelezo mengi ya wimbo huu huanza kwa sahihisho hilo na kukoma papo hapo.

Sahihisho hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Mhakiki anayeridhika nalo amefanya kazi ya kamusi na kuiacha kazi ya uhakiki. Kamusi hueleza nahau imezoea kutumika kwa maana gani. Uhakiki hutaka kujua nahau hiyo inafanya kazi gani mahali ilipowekwa, na kwa nini mtunzi aliichagua hiyo akaacha nyingine zenye maana ile ile. Makala hii yashikilia kwamba dini haikutoka katika nahau hiyo hata ilipotumiwa kwa jambo la mapenzi, na kwamba msikilizaji wa mbali aliyesikia dini ndani ya wimbo alikosea katika hukumu yake ya mwisho lakini sikio lake halikumdanganya. Jambo hili lawahusu wataalamu wa Kiswahili, maana lugha yenye hazina kubwa ya mafumbo na misemo ya mitaa hukutana na shida hiyo hiyo kila shairi lake linaposafiri, na kila shairi la wengine linapotakiwa kuingia katika Kiswahili.

Yafaa kwanza kueleza wimbo ulivyotungwa. Peter Buck, mpiga gita wa kundi, alikuwa amenunua mandolini na alikuwa akijifunza kuipiga. Alijirekodi akifanya mazoezi huku akitazama televisheni, na baadaye aliposikiliza ukanda wake alikuta humo kipande kilichokuwa mwanzo wa lahani ya wimbo huu. Mandolini ni ala ndogo yenye nyuzi nane zilizofungwa jozi jozi. Ni ala ya kawaida katika muziki wa mashambani wa kusini ya Marekani, na ni nadra kuonekana mbele katika muziki wa roki, ambao umezoea kuongozwa na gita la umeme. Kundi lilirekodi katika studio ya Bearsville, jimbo la New York, mwezi wa Septemba 1990, Scott Litt akiwa msimamizi pamoja nao. Mike Mills alipiga gita la besi, Bill Berry alipiga ngoma, na Peter Holsapple alisaidia kwa gita. Fidla ziliongezwa mjini Atlanta na wanamuziki wa okestra ya mji huo, kwa mpango ulioandikwa na Mark Bingham. Maneno yalikuwa kazi ya mwimbaji, Michael Stipe, naye aliyatunga juu ya lahani iliyokwisha kupatikana.

Umbo la wimbo lilikuwa geni kwa soko. Nyimbo za aina hii hutegemea kiitikio, yaani beti fupi inayorudi kila baada ya muda, ambayo msikilizaji huishika kwanza kabla ya kuyashika mengine. Wimbo huu hauna kiitikio cha namna hiyo. Maneno yaliyoupa jina yamo ndani ya ubeti wenyewe, hayakutengwa wala hayakupandishwa juu ya mengine, na mandolini yarudia mwendo wake kana kwamba nayo inafikiri jambo moja tu. Msikilizaji wa ushairi wa Kiswahili, aliyezoea kibwagizo kumwonyesha kiini cha shauri, angeweza kusema kwamba hili ni shairi lililoficha kibwagizo chake. Katika ofisi za kampuni palikuwa na majadiliano marefu kabla ya kukubaliwa kwamba wimbo wa namna hiyo utangulie sokoni mbele ya albamu ya Out of Time, iliyotoka mwezi uliofuata. Waliosita hawakuwa wajinga wa kazi yao. Kwa kipimo cha desturi walikuwa na haki ya kusita.

Mambo yaliyomo katika wimbo yaweza kuelezwa kwa muhtasari. Mtu mmoja anamtamani mwingine, wala hana hakika kama huyo wa pili anajua. Anapima kila ishara. Mara ajiona amejificha pembeni, mara ajiona amesimama mbele ya macho ya watu wote. Anashuku kwamba amesema mengi kupita kiasi, na papo hapo anashuku kwamba bado hajasema la kutosha. Anadhani amesikia kicheko, anadhani amesikia wimbo, anadhani ameona dalili ya kukubaliwa. Kisha anajikanya kwamba yote hayo huenda yalikuwa ndoto. Hamna ndani yake kanisa, hamna kasisi, hamna hoja juu ya kuwako kwa Mungu. Stipe mwenyewe ameeleza mara kwa mara kwamba wimbo unahusu mapenzi yasiyojibiwa na mawazo yasiyompa mtu usingizi.

Hapa pana jambo ambalo sahihisho la kawaida hulipita bila kuliona. Ikiwa nahau ya kusini yaeleza hasira na kuvunjika kwa adabu, basi wimbo huu hauitumii kwa maana hiyo sawasawa. Msemaji wa wimbo hana hasira. Hamfokei mtu, wala haonyeshi dalili kwamba atamfokea. Ni mnyonge aliyejaa haya, na ukomo alioufikia ni ukomo wa kustahimili shaka. Stipe, aliyezaliwa Georgia na kujua vizuri usemi wa watu wa huko, aliichukua nahau ya hasira na kuihamishia katika mapenzi ya mtu asiyethubutu kunena. Kwa hiyo nahau ilitoka kwao mara mbili: mara ya kwanza ilitolewa na mwimbaji mwenyewe, mara ya pili ikatolewa na wasikilizaji wa nchi za mbali. Mtu anayewakosoa hao wa pili kwa kuiondoa mahali pake yampasa akumbuke kwamba wa kwanza kuiondoa alikuwa mtunzi.

Historia ya kundi hili yaonyesha pia kwamba wasikilizaji hawakupewa msaada mkubwa wa kuelewa maneno. R.E.M. walipata sifa katika ule muziki ulioitwa roki mbadala, jina lililopewa makundi yaliyofanya kazi nje ya njia kuu za biashara na kutegemea kampuni ndogo pamoja na redio za wanafunzi wa vyuo vikuu. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1983 kwa kampuni ya I.R.S., iliitwa Murmur, yaani "mnong'ono", na jina hilo liliwafaa, kwa kuwa sauti ya mwimbaji ilichanganyika na ala hata maneno mengi hayakusikika. Wahakiki waliisifu, jarida la Rolling Stone liliichagua kuwa albamu bora ya mwaka huo. Kundi lilihamia Warner Bros. mwaka 1988. Hata hivyo desturi ya kutochapisha maneno ya nyimbo iliendelea, isipokuwa wimbo mmoja wa albamu ya Green ya mwaka huo wa 1988, mpaka albamu ya Up ya 1998 ilipochapishwa pamoja na maneno yake yote. Basi mwaka 1991 aliyenunua Out of Time hakupewa karatasi ya kusoma. Alikuwa na sikio lake tu, na neno lililoshika sikio kuliko mengine ni lile lililoandikwa juu ya jalada la santuri.

Tena hii haikuwa mara ya kwanza kwa wasikilizaji wa kundi hili kuchukua jina la wimbo na kuacha habari yake. Mwaka 1987 wimbo wao "The One I Love", ambao jina lake lamtaja mpenzi, ulifika nafasi ya 9 katika orodha ya Billboard. Watu waliomba upigwe redioni kama salamu kwa wapenzi wao, ingawa ndani yake mpenzi anatajwa kwa ukatili kama kitu cha kupitishia wakati. Mifano hiyo miwili hufananishwa, lakini haifanani. Aliyeufanya wimbo wa 1987 kuwa salamu ya mahaba alisikia kinyume cha wimbo. Aliyesikia dini katika wimbo wa 1991 alisikia kitu kilichomo, akakipa ukubwa usio wake. Kazi ya mhakiki ni kutenga makosa ya namna hizi mbili, maana la kwanza laharibu wimbo, na la pili laweza kuwa mlango wa kuuingia.

Mapokezi ya wimbo yalizidi matarajio ya kampuni. Katika orodha ya nyimbo 100 ya jarida la Billboard ulipanda hata nafasi ya 4, ukakaa katika orodha hiyo majuma 21. Hakuna wimbo mwingine wa kundi hili uliofika juu hivyo katika orodha hiyo. Katika orodha ya jarida hilo hilo ya roki ya kisasa uliongoza kwa majuma 8. Uingereza ulifika nafasi ya 19. Albamu ya Out of Time iliongoza katika orodha za Marekani na za Uingereza, ingawa kundi halikufanya safari ya maonyesho kwa ajili yake. Katika tuzo za filamu za muziki za MTV za mwaka 1991 filamu ya wimbo huu ilipata tuzo 6, miongoni mwake ile ya filamu bora ya mwaka. Katika tuzo za Grammy za mwaka 1992 wimbo ulipata 2, na albamu ikapata ile ya muziki mbadala. Redio za vyuo vikuu zilizolilea kundi zilikuwa sasa na jambo la kujiuliza, maana wimbo uliotoka katika roki mbadala ulikuwa umekuwa wimbo wa kila nyumba. Miezi saba baada ya santuri hii, mwezi wa Septemba 1991, Nirvana walitoa "Smells Like Teen Spirit", na mpaka uliotenga muziki mbadala na muziki wa soko ukafifia zaidi.

Hesabu hizo zina maana katika shauri hili. Nahau ya kusini ya Marekani haijulikani na watu wote wa Marekani kwenyewe, sembuse wa Ulaya au wa Asia. Kama uzuri wa wimbo ungekuwa umefungwa katika kuijua nahau hiyo kwa maana yake ya kamusi, wimbo usingeweza kuvuka mipaka ya majimbo machache. Ulivuka, tena ulipendwa na watu ambao hawakupata kamwe kuelezwa nahau hiyo. Basi ama walipenda lahani peke yake, ama maneno yaliwafikia kwa njia nyingine. Lahani ilikuwa na sehemu kubwa, hapana shaka. Lakini lahani peke yake haielezi kwa nini swali la dini liliulizwa kwa shauku namna ile, wala kwa nini linaendelea kuulizwa.

Jibu lapatikana katika mzizi wa nahau. Kusini ya Marekani ni nchi ambayo makanisa ya Kiprotestanti, hasa ya Wabaptisti na Wamethodisti, yameshika maisha ya watu kwa muda mrefu. Huko dini ya mtu haikupimwa kwa itikadi aliyoificha moyoni tu. Ilipimwa kwa mwenendo ulioonekana na jirani, kwa ulimi uliotunzwa, kwa hasira iliyozuiliwa. Mtu aliyeokoka mbele ya mkutano alisemwa kuwa amepata dini. Aliyechokozwa hata akatoa neno chafu alikuwa, kwa kipimo hicho hicho, ameipoteza. Nahau ilikuwa ya mzaha, lakini mzaha wake ulipata nguvu kutoka katika jambo zito: kwamba ungwana wa mtu na imani yake ni kitu kimoja mbele ya macho ya watu, na kwamba kimoja kikianguka kingine huonekana kimeanguka nacho. Aondoaye dini katika nahau hiyo hubakiwa na hasira tupu, ambayo ingeweza kuelezwa kwa maneno mengine mia.

Mtu wa wimbo huu anaogopa jambo la namna hiyo hiyo. Anaogopa kuonekana. Amemweka mpenzi wake juu mno, mahali ambapo mtu huweka kitu cha kuabudiwa, na kila anaponena aona kwamba anajivunjia heshima yake. Katika maneno ya wimbo limo pia neno la kuungama, ambalo ni neno la kanisa kabla ya kuwa neno la wapenzi. Kwa hiyo jina la wimbo lakaa juu ya maana mbili zilizoungana: kwa mazoea ya usemi mtu amefikia ukomo wa ustahimilivu wake, kwa mzizi wa usemi huo ameipoteza ile nguzo iliyomshika asimame mbele ya watu. Mtunzi angeweza kutumia nahau nyingine ya ukomo na isingebeba maana ya pili. Uteuzi wa nahau hii ndio ustadi wa shairi lenyewe.

Ushahidi mwingine ni filamu ya wimbo. Iliongozwa na Tarsem Singh, mzaliwa wa Uhindi, naye hakuyafuata maelezo kwamba dini haimo. Aliingiza humo mzee mwenye mabawa aliyeanguka, kwa kufuata hadithi ya Gabriel García Márquez juu ya malaika wa namna hiyo. Akaingiza mtakatifu Sebastiano aliyechomwa mishale. Akaingiza picha zinazokumbusha sanamu za ibada za Kihindi na mwanga wa michoro ya Caravaggio. Stipe alikubali kuonekana akiimba maneno mbele ya kamera, jambo ambalo kwa miaka mingi alikuwa amelikataa katika filamu za namna hiyo. Kundi likaitoa filamu hiyo kwa ulimwengu kama sura ya wimbo wao. Wasikilizaji wengi walikutana na wimbo kwa njia ya filamu hiyo, si kwa redio. Ni vigumu kumlaumu mtazamaji aliyeonyeshwa malaika, mtakatifu na sanamu za ibada kwamba alifikiri habari ni ya dini. Ni vigumu vile vile kusema kwamba wenye wimbo waliona fikira hiyo kuwa adui wa kazi yao.

Hata hivyo msomaji wa neno kwa neno asipewe zaidi ya haki yake. Wako walioufanya wimbo huu kuwa tangazo la mtu aliyeiacha imani, wakaushangilia au wakaulaani kwa sababu hiyo. Hukumu hiyo haisimami. Mtu anayeiacha dini hutoa sababu, au hutaja alichokiacha, au husema na aliowaacha. Wimbo huu haufanyi lolote kati ya hayo. Yeye asikiaye dini na kukoma hapo amepata mzizi akakosa tawi, kama vile yule wa sahihisho alivyoshika tawi akakata mzizi. Kosa lao ni moja, nalo ni kudhani kwamba maneno ya shairi yakiwa na maana hii hayana budi kukosa ile.

Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili wanalijua jambo hili kwa mlango mwingine. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840, yalitungwa juu ya mambo ya mji wake na ugomvi wake na Sayyid Said. Bila ya habari zilizokusanywa na Mwalimu Sikujua pamoja na W. E. Taylor, na kuchapishwa na W. Hichens katika Diwani ya mwaka 1940, msomaji wa leo angepotea katika mengi ya hayo. Habari hizo ni za lazima. Lakini msomaji akiisha kuambiwa kwamba picha fulani ni fumbo la vita fulani, shairi halijakwisha. Picha yabaki na kazi yake, na ndiyo sababu beti za Muyaka zimesemwa na watu wa zama nyingine kwa mambo mengine. Kadhalika nyimbo ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 zilichukuliwa na santuri hadi miji ambayo haikujua visa vya Unguja vilivyozitunga. Wimbo wa Kijiti ulisimulia mauaji yaliyojulikana Unguja; aliyekuwa mbali, asiyemjua muuaji wala marehemu, aliupokea kama wimbo wa kuonya. Mtu wa Ng'ambo alijua zaidi, lakini mtu wa mbali hakuwa kiziwi.

Shida hii hudhihirika kabisa mtu anapojaribu kulitia jina la wimbo katika Kiswahili. Njia ya kwanza ni kufuata neno kwa neno: "Kupoteza Dini Yangu". Maneno haya yaeleweka, lakini si usemi wa Kiswahili, kwa kuwa Mswahili hapotezi dini kama apotezavyo ufunguo. Hutoka katika dini, na mwanachuoni huweza kusema ameritadi. Tena "Kuritadi" ni neno la sheria, zito mno, nalo lingemtia msikilizaji katika kosa lile lile la kufikiri kwamba pana kesi ya imani. Njia ya pili ni kufuata maana ya kamusi: "Kuishiwa na Subira", au "Maji Yamenifika Shingoni". Hizi ni safi kwa lugha, na mwenye sahihisho angeridhika nazo. Lakini shairi limepungukiwa. Aliye majini shingoni ana taabu, hana aibu. Wala hakuna katika usemi huo kitu kitakatifu kilicho hatarini.

Njia ya tatu ni kutumia neno "imani". Neno hili lina upana unaofaa, maana kwa Kiswahili mtu asiye na imani aweza kuwa ni asiyesadiki, au ni asiyeaminika, au ni mkatili asiye na huruma. "Kuishiwa na Imani" kungebeba shaka ya mpenzi pamoja na shaka ya mwabudu, na jambo hilo ni faida kubwa. Upungufu wake ni kwamba hamna ndani yake ile hatari ya ulimi kuponyoka, ambayo ni roho ya nahau ya Georgia.

Njia ya nne iko karibu zaidi, nayo imo katika usemi wa kila siku wa pwani. Mtu aliyechokozwa hata amefika mwisho wa uvumilivu wake humwambia mchokozi asimkufurishe, yaani asimfanye akatamka neno la kukufuru. Anayesema hivyo hazungumzi habari ya kuiacha dini, na kila asikiaye ajua hivyo; anasema kwamba subira yake imekwisha. Lakini usemi huo wapata nguvu kutoka katika dini na kutoka huko tu. Hapa Mswahili wa pwani na Mbaptisti wa Georgia, ambao hawakupata kujuana, wamepima mwisho wa subira kwa kipimo kimoja, kwa kuwa wote wawili waliishi mahali ambapo dini ya mtu huonekana katika ulimi wake. Jina kama "Kukufurishwa" lingemfikia msikilizaji wa Kiswahili kwa tawi na mzizi pamoja. Lina kasoro yake: kukufurishwa humtaka mchokozi, na mpenzi wa wimbo huu hachokozi, maana yamkini hana habari. Lakini kasoro hiyo yenyewe yafundisha, kwa kuwa msemaji wa wimbo anateseka kwa mkono wa mtu asiyemtenda lolote, na mfasiri anayelitafutia neno lake mtendaji hugundua kwamba mtendaji hayuko.

Kutokana na hayo hukumu juu ya wimbo yaweza kutolewa. "Losing My Religion" ni kazi iliyo bora kwa sababu uficho wake si wa kupotosha. Wimbo wa mtu asiyejua kama amesema mengi au machache umepewa jina ambalo nalo lasema mengi kwa mmoja na machache kwa mwingine, na wote wawili hupata sehemu ya haki yao. Walipokusanyika tena wale wanne mwezi wa Juni 2024 mjini New York, miaka 13 baada ya kundi kuvunjika, kwa kuingizwa katika jumba la heshima la watunzi wa nyimbo, wimbo waliouimba ulikuwa huu. Miaka 33 ya maelezo haikuwa imeumaliza.

Kwa mhariri wa diwani na mwalimu wa darasa, faida ya mfano huu ni ya kazi. Anapoandika chini ya shairi kwamba maneno fulani ni nahau, na kwamba maana yake ni kadha wa kadha, aandike pia nahau hiyo ilitoka wapi na mzizi wake bado unafanya nini katika ubeti ule. Akiacha hilo la pili, msomaji atafunga kitabu akidhani ameelewa, hali ameondolewa kile ambacho mtunzi alikichagua.